Susafoni imenikaa moyoni, mke wangu anauliza itakaa wapi

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Naishi Columbus, Ohio. Besi nilijifunza kwenye matarumbeta ya usharika wetu wa KKKT kule Moshi, na hapa napiga katika ibada ya Kiswahili: tarumbeta mbili, tromboni moja na mimi. Chombo changu ni susafoni ya fibaglasi, yaani ile besi kubwa inayozunguka mwili na kubebwa begani. Ni nyepesi na haina usumbufu, ila sauti yake masikioni mwangu ni ya mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi.

Sasa mzee mmoja nje ya mji anauza susafoni ya zamani ya kampuni ya Conn, ile saizi waliyoiita Jumbo. Domoni, pale papana panapotoka sauti, imechorwa jina la Elkhart, Indiana. Ina valvu tatu, vile vibonyezo vya kubadilisha noti, imepakwa fedha, na domo lina upana wa inchi 26. Anataka dola 1,900. Nilipuliza noti moja tu, B-flati ya chini, glasi kwenye kabati la mzee zikalia. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Kasoro nilizoziona ni hizi. Pistoni ya pili, kile kinachopanda na kushuka ndani ya valvu, inapanda kwa kujivuta. Slaidi ya valvu ya tatu, kijibomba cha kuvuta ili kurekebisha noti, imeganda, haitoki. Bomba kubwa la chini limebonyea mahali pawili. Kati ya skurubu tatu zinazoshika domo, moja haipo. Shingo ipo, lakini vile vipande viwili vya kuunganisha shingo na kipulizio havipo. Halafu pale shingoni kuna madoa mekundu mekundu. Mzee anasema ni umri tu.

Mke wangu hajakataa. Ameuliza maswali mawili, nami sikuwa na jibu: itakaa wapi katika nyumba ya vyumba viwili, na mgongo wangu una miaka mingapi. Una 46. Isitoshe, nilikuwa nimepanga mwakani niipeleke Moshi wenzangu wapigie harusini, maana besi yao imechoka.

Ninunue? Na huo ukubwa una faida kweli, au ni majivuno yangu tu?

Mpiga Besi, Columbus

MAJIBU

Mpiga Besi, pole kwa usingizi.

Tuanze na madoa mekundu, kwa sababu hayo ndiyo yanaweza kumaliza mjadala wote. Shaba ya vyombo vya muziki ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate, mabaki ya chakula na unyevu vikikaa ndani miaka mingi, zinki huliwa na shaba nyekundu hubaki peke yake, dhaifu kama biskuti. Ugonjwa huu huanzia ndani ya bomba, kwa hiyo ukiuona nje ujue umeshasafiri. Nenda na tochi. Doa baya lina rangi ya waridi, mara nyingi na kijidoa cheusi katikati. Sehemu ambayo fedha imelika kwa kushikwa na mikono huonekana ya njano, na hiyo haina tatizo lolote. Weusi wa fedha nao ni kutu ya juu tu, hufutika.

Kisha angalia doa lipo wapi. Kama ni shingo peke yake, huna kesi: shingo hutoka na hubadilishwa. Pima kwa kalipa sehemu inayoingia mwilini kabla ya kuagiza nyingine, maana shingo ya chapa nyingine, kama King, haiingii kwenye Conn kwa kubahatisha. Kama madoa yameingia kwenye bomba linalotoka shingoni kwenda valvu ya kwanza, fundi mzuri anaweza kulikata na kuweka jingine, na bei iteremke kwa kiasi hicho. Yakiwa yametapakaa kwenye mabomba makubwa ya mzunguko, mshukuru mzee kwa chai yake uondoke.

Jambo la pili hukuliandika, na wengi husahau kulitazama: lami ya chombo, yaani kimo cha sauti yake: noti A imetengenezwa kutetemeka mara ngapi kwa sekunde. Kabla kiwango cha A = 440 hakijashika mizizi, viwanda vya Marekani vilitengeneza vyombo vya lami ya juu na vya lami ya chini. Tafuta karibu na namba ya chombo kwenye valvu herufi L au LP, yaani lami ya chini. Ukikuta H au HP, yaani lami ya juu, unashika chombo cha A inayokaribia 457, ambacho kiko juu ya bendi yako kwa theluthi mbili ya nusu toni. Watu husema "nitavuta slaidi." Piga hesabu: susafoni ya B-flati ina bomba la takriban mita 5.5, na ili kuishusha kiasi hicho unahitaji kuongeza sentimita 21 hivi, kisha kila slaidi ya valvu nayo irefushwe kwa uwiano uleule. Huo si urekebishaji, ni ujenzi.

Ila usikimbilie kupima kwa tyuna ya simu kabla hujapata vile vipande viwili vya shingo. Bila vipande hivyo bomba limepungua urefu, kwa hiyo hata chombo kizima cha lami ya chini kitasoma juu, nawe utakihukumu bure. Chukua vya susafoni yako ya fibaglasi, ujaribu kama vinaingia. Viingie kwa kuzungushwa kidogo na visitikisike. Kikicheza hata milimita moja, hewa inatoka. Vipande hivi ndivyo pia hukupa pembe ya kufikisha kipulizio mdomoni bila kukunja shingo yako mwenyewe. Anayepiga bila vipande hutambulika kwa kichwa kilichoinama upande kama kuku anayesikiliza mwewe.

Sasa valvu. Mwombe mzee ruhusa, fungua kofia ya juu ya valvu ya pili, chomoa pistoni, uifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pistoni zina namba 1, 2, 3. Usizichanganye hata kwa dakika moja. Iangalie kwenye mwanga. Ukavu wa kijivu au kahawia uliosambaa sawasawa ni uchafu, na uchafu hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mkwaruzo unaong'aa upande mmoja tu ni habari nyingine. Slaidi ya valvu ya pili ni fupi na imechomoza. Ikigongwa mlangoni au ikilaliwa, husukuma kwa ndani ukuta wa silinda, ile nyumba ya pistoni, na tangu hapo pistoni husuguana na uvimbe huo kila inapopanda. Ili kutofautisha, weka mafuta mapya, ondoa springi, rudisha pistoni na uizungushe taratibu kwa vidole. Ikikwama mahali palepale kila mara, ni silinda. Ikiteleza vizuri pote, mlaumu springi, au aliyeivuta zamani akidhani anaipa nguvu. Silinda iliyovimba hunyooshwa na fundi mwenye vifaa vyake. Msasa na Brasso visiikaribie pistoni kabisa, kwani kinachoondoka hapo hakirudi na hewa itapita milele.

Kuchakaa kwa valvu hupimwa kwa sikio. Vuta slaidi ya valvu ya kwanza sentimita tatu au nne bila kubonyeza valvu, subiri sekunde tano, kisha bonyeza. Ukisikia "pop!" iliyo wazi, valvu inashika hewa. Kimya maana yake hewa imeshapita pembeni ya pistoni. Rudia ya pili. Ya tatu huwezi kuipima, slaidi yake imeganda, na hili peke yake ni sababu ya kushusha bei: unanunua valvu usiyoijua. Pistoni zilizolika huhitaji kupakwa madini upya na kusagwa zienee silinda zake, kazi ya gharama kubwa. Mafuta mazito huficha ugonjwa kwa muda, na muuzaji mjanja anayajua.

Usijaribu kuing'oa slaidi hiyo kwa mzee. Kamba na nguvu za mabega hung'oa viungo vilivyolehemiwa kabla slaidi haijasogea. Njia yake ni mafuta ya kulegeza nati, matone machache kwenye maungio, siku mbili tatu za subira, kisha moto mdogo wa fundi. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo slaidi utakayoihitaji kuliko zote. Kwenye besi ya valvu tatu, ukibonyeza 1 na 3 pamoja noti hutoka juu kidogo, na ukibonyeza zote tatu hutoka juu zaidi, kwa sababu kila slaidi ilipimwa urefu wa kutumika peke yake. Kwako hizo ni F na E za chini. Nyimbo za ibada hukaa sana kwenye F. Dawa ni kuivuta slaidi ya tatu iwe ndefu kidogo kuliko kipimo chake, kisha noti ya valvu ya tatu peke yake uiache, utumie 1 na 2 badala yake. Wenye valvu nne hawana shida hii. Kidole cha nne huchukua nafasi ya 1 na 3, na 2 na 4 huchukua nafasi ya zote tatu.

Mibonyeo ya chini isikunyime raha. Kubonyea karibu na kipulizio, ambako bomba ni jembamba, kunaweza kuharibu noti. Kubonyea kulekule chini, ambako mkono mzima unakaribia kuingia, sauti haisikii. Pitisha kidole. Bonde laini hutolewa kwa mpira wa chuma na sumaku. Mkunjo wenye makali kama karatasi iliyokunjwa uangalie zaidi, unaweza kuwa na ufa.

Skurubu ya domo ni kitu kidogo chenye kero kubwa. Chukua moja kati ya mbili zilizobaki kama sampuli, fundi atafute yenye nyuzi zilezile. Ukilazimisha skurubu ya duka la vifaa vya ujenzi utaharibu nyuzi za kola, ile pete inayoshika domo, na domo lililoshikwa na skurubu mbili hunguruma kwenye noti fulani mpaka utadhani chombo kimepasuka.

Umeuliza kuhusu ukubwa. Chombo hiki kilizaliwa ili besi isikike bila kumchosha mbebaji. J. W. Pepper wa Philadelphia alikitengeneza mwaka 1893 kufuatia matakwa ya John Philip Sousa, ambaye jina lake ndilo kinalo, na C. G. Conn akatoa cha kwake mwaka 1898. Domo wakati huo lilitazama juu, watu wakaliita mkinga mvua. La kutazama mbele lilikuja baadaye. Kisha ikaja miaka ya 1920, bendi za dansi zinajaza kumbi na vipaza sauti hakuna. Conn, na H. N. White wa Cleveland mwenye chapa ya King, wakashindana kwa ukubwa, na jina Jumbo likatoka katika mashindano hayo. Kwa kulinganisha, modeli ya Conn 20K, ambayo si Jumbo, ina tundu la inchi 0.734 kwenye valvu, karibu milimita 18.6, na tayari wapigaji huiona ni kubwa.

Kwa hiyo faida ipo, ila haipo pale unapodhani. Watu hununua Jumbo wakitaka kelele. Kelele hata ya fibaglasi inazo. Kinachopatikana kwenye bomba pana ni unene wa sauti ukiwa unapiga kwa upole: katika chumba chenu, chini ya tarumbeta mbili na tromboni, noti ndefu ya B-flati itakaa kama sakafu na wengine watajipanga juu yake bila kujua kwa nini kuimba kumekuwa rahisi. Zile glasi za mzee zinasema kweli. Gharama yake ni pumzi. Sentensi uliyokuwa ukiimaliza kwa pumzi moja utaikata mara mbili, na mwanzo wa noti utachelewa kidogo mpaka ulimi uzoee kusema "du" mapema. Kwa mistari ya haraka inayorukaruka, kama ile ambayo Kirk Joseph wa Dirty Dozen Brass Band na Philip Frazier wa Rebirth Brass Band waliifanya kuwa mtindo mzima wa New Orleans, chombo kizito kupita kiasi kinakurudisha nyuma. Majivuno yamo pia. Mbona hapo mjini kwenu bendi ya Chuo Kikuu cha Ohio State inapoandika neno Ohio uwanjani, nukta ya herufi i huwekwa na mpiga susafoni, na uwanja mzima husimama? Kupenda kitu kikubwa kinachong'aa si kosa la jinai.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio moja la bei nafuu: piga fibaglasi yako na kipulizio kingine, chenye kikombe kirefu kama umbo la faneli, aina ya Helleberg. Sehemu ya lile blanketi huenda imo kwenye kipulizio. Ikitoka sauti unayoitaka, umeokoa karibu dola 1,900.

Mgongo. Susafoni ya shaba huwa kati ya kilo 14 na 23, na hizi kubwa hukaa upande wa juu wa hesabu hiyo. Uzito wote hutua bega la kushoto. Kwa miaka 46, ibada ya saa mbili ukiwa umesimama hatukushauri. Kuna viti vyenye mkono wa chuma unaobeba chombo, wewe ukaingia ndani yake ukiwa umekaa; tafuta kimoja kilichotumika. Begani weka pedi nene ya sponji, na chombo kikae karibu na shingo, kisining'inie kwenye ncha ya bega. Ukibeba kwa kutembea, usizidishe dakika 20 bila kukishusha.

Itakaa wapi? Domo linatoka, na hapo ndipo mke wako atakapopumua. Litundike ukutani kwa ndoano mbili zilizofunikwa mpira, uso ukitazama ukuta. Lisisimamishwe kwa ukingo wake sakafuni, ukingo hukunjika kwa teke la mtoto. Mwili nao huhitaji ndoano nene zilizoingia kwenye nguzo za mbao ndani ya ukuta, si kwenye jipsamu peke yake, na uzito ushikwe na bomba kubwa, kamwe usishikwe na valvu. Nyuma ya kochi panatosha pia, kama hakuna anayeegemea.

Karatasi. Nakili namba ya chombo, tazama kama kuna jina la shule lililochongwa na kusuguliwa. Mwaka 2011 na 2012 shule za Kusini mwa California ziliibiwa susafoni kwa wingi, kwa kuwa bendi za muziki wa Kimeksiko zilikuwa zinazitafuta. Mzee wako huenda ni mtu safi kabisa. Risiti yenye namba, jina na saini haimvunjii heshima.

Kwa bei, usijadiliane kwa macho. Mpeleke fundi mbele ya chombo, au chombo mbele ya fundi, akuandikie gharama ya slaidi, pistoni ya pili, skurubu na vipande. Toa jumla hiyo kwenye 1,900, umpe mzee kilichobaki. Chombo kikiwa na H kwenye valvu, au valvu mbili zikikaa kimya kwenye kile kipimo cha "pop", usinunue hata akipunguza nusu. Vikipita, nunua.

Lakini Moshi usiipeleke hiyo. Harusini besi husimama nyuma ya pick-up, gari linaruka matuta, mpigaji kashika bomba kwa mkono mmoja na bomba la gari kwa mwingine. Kilo 20 za shaba ya zamani mahali hapo ni kumtafutia mtu ajali, na skurubu au pistoni yake ikipotea hakuna pa kuipata. Wapelekee fibaglasi. Ikipasuka, fundi wa bodi za magari anaiziba kwa resini na kitambaa cha nyuzi mchana mmoja. Hakikisha tu ni ya B-flati kama ile wanayoitumia sasa, vidole vyao visianze upya. Domo lisafiri kwenye sanduku lake, valvu zifungwe kwa kitambaa zisicheze, na ndani ya domo usijaze nguo nzito.

Tia kwenye sanduku chupa mbili za mafuta ya valvu, grisi ya slaidi, seti ya springi na felti, skurubu tatu za akiba. Kuhusu vipande vya shingo, ulivyoazima kwa ajili ya kupima virudi kwenye fibaglasi yao, uongeze jozi nyingine juu yake, na kila kimoja ukifunge kwa uzi kwenye shingo, kwa sababu hivyo ndivyo hubaki kwenye kiti cha gari la maharusi.